Sifuri Katika Mstari wa Vijana

Mwaka 1982, kaskazi ikiwa imeshika na vumbi la Malindi likiingia hadi ndani ya makabati yaliyofungwa, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na miezi minane. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Januari. Asubuhi hiyo niliuweka chini ufagio nilioushika kwa miaka mitano na miezi saba katika korido za hospitali, nikaingia chumba cha kumbukumbu za wagonjwa na kukabidhiwa kalamu, wino wa bluu, wino mwekundu na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Walio hai wanaijua, na waliokufa hawahitaji kutajiwa.

Nawaandikia ninyi wanangu mnaosomea kazi hii. Juzi mmoja wenu alinijia nyumbani na karatasi zake, akanisomea mwenendo wa taifa zima: vijana wa umri huu hutumia nini, wazee wa umri ule husumbuliwa na nini, kina mama hukosa usingizi kwa sababu gani. Alisoma vizuri. Kisha akaniuliza, "Bibi, miaka ya themanini matatizo haya hayakuwako, sivyo? Mbona karatasi za zamani za kwetu zaonyesha vijana walikuwa salama?"

Nilimpa kahawa na kaimati, akaenda zake. Jibu lake ni hili: vijana hawakuwa salama. Ni mimi niliyeandika kwamba walikuwa salama.

Kwanza mnijue. Mume wangu, marehemu Omar, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alifariki tarehe 2 Aprili 1976, nami sikujua kusoma hata jina lake kwenye cheti cha kifo. Karani mmoja alinielekeza mahali pa kutia dole gumba. Nilitia, na papo hapo nikaapa kwamba dole lile halitagusa wino tena. Nikaingia ngumbaru, nikafagia mchana na kusoma jioni, na Novemba 1980 nikafanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na miaka thelathini na miwili. Nilikaa karibu na mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeniita shangazi na kuniomba kifutio kila dakika tano. Yeye alianguka. Mimi nilifaulu. Nasema haya ili mjue kwamba mwandiko wangu sikuuokota njiani.

Aliyenifundisha daftari ni Mzee Abeid, karani mkuu, mtu wa mji, kanzu yake nyeupe kuliko shuka za wodini. Kila nijualo katika kazi nilipata kwake, zuri na baya. Alinifundisha kwamba jina moja halitoshi, wala mawili, kwa kuwa mji wetu una akina Mohamed Ali wa kujaza msikiti. Uliza jina la babu, na ukiona bado shaka, uliza la mama. Somo hilo nililipuuza mara moja tu. Februari 1982 nilimpa bibi mmoja wa Mambrui, aitwaye Mwanakombo Ali, kadi ya Mwanakombo Ali mwingine, kijana aliyekuwa akihudhuria kliniki ya waja wazito. Muuguzi akamwambia bibi wa watu kwamba mimba yake yaendelea vizuri. Bibi akatoka akicheka hadi anashika ukuta.

"Mama karani," akaniambia dirishani, "basi mtume mtu makaburini akampe babu yenu hiyo habari njema. Ana miaka kumi na miwili huko."

Alinifundisha pia kuuliza umri. Ukimwuliza mtu wa zamani ana miaka mingapi, atakutajia idadi impendezayo. Kuna mama aliyeniambia niandike ishirini na tano.

"Mama, na huyu mwanao aliyekuleta ana thelathini."

"Basi mwandike yeye kumi na minane, tulingane."

Kwa hiyo huulizi miaka. Unauliza alikuwa na watoto wangapi bendera ilipopandishwa, au alikuwa na meno gani njaa fulani ilipoingia, kisha unahesabu mwenyewe. Umri ni nusu ya kazi yetu. Mwisho wa kila mwezi tulijaza fomu ndefu ya kupelekwa Mombasa, na kutoka huko ifike Nairobi: ugonjwa mmoja mmoja juu, na kando mistari ya umri, watoto wachanga, watoto wa shule, vijana wa kumi na mitano hadi ishirini na minne, watu wazima, wazee. Kila mgonjwa wa daftarini anageuka kuwa kijiti kimoja katika kisanduku kimoja. Majina hayaendi. Shikeni hapo, kwa kuwa ndipo tulipokosea sote: majina hayaendi.

Daftari letu lilikaa juu ya meza ya dirishani, limefunguliwa kuelekea kwa watu. Hivyo ndivyo lilivyokaa tangu enzi za Mwingereza, na hakuna aliyewaza kuligeuza. Aliye kwenye foleni na aliyejua kusoma alisoma ugonjwa wa jirani yake akisubiri zamu. Basi mwezi wangu wa tatu akaletwa kijana wa nyumba moja kubwa ya mji, macho yamelegea, ajikunakuna, hajibu salamu. Nyuma ya kadi daktari ameandika kwamba avuta unga. Nikashika kalamu niandike kama nilivyoona. Mzee Abeid akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Zuhura, mwanangu. Dada yake huyu aposwa baada ya Ramadhani. Nani ataposa nyumba iliyoandikwa hivyo?"

"Niandike nini, mzee?"

"Malaria. Malaria haimwaibishi mtu."

Nikaandika malaria. Ile aliiita sitara, nami nikaiona ni heshima kubwa kufundishwa jambo la watu wazima. Nilikuwa mtu wa ufagio juzi tu, leo nashiriki siri za majumba. Nawaambia ukweli: nilijivuna.

Zikaja nyingine. Kina mama wenye miaka arobaini na zaidi, waume zao wako Arabuni mwaka wa nne, au wapo nyumbani na ni kama hawapo, waliokuwa hawawezi kulala bila vidonge na baadaye hawawezi kuamka kwa sababu ya vidonge, hao tuliwaandika presha. Mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alikuja kila Alhamisi akilia bila sauti, akatoka na presha. Ikawa desturi isiyohitaji kusemwa. Walinikazia macho dirishani, nami najua.

Lakini sitara hiyo ilikuwa na mipaka, na mipaka yake ndiyo inayonichoma. Ilikuwa ya watu wa mji. Aliyetoka bara ya Malindi, kwa miguu au juu ya lori la mkaa, hakuwa na dada wa kuposwa tunayemjua. Huyo tulimwandika tulivyotaka. Tarehe 17 Agosti 1983 alikuja mzee mmoja wa Kigiriama kutoka upande wa Marafa, Mzee Karisa. Mkewe alikuwa amefariki, na tangu hapo hakulala wala hakula, alikaa tu. Mzee Abeid alimwangalia kutoka mbali, akasema, "Ulevi. Mnazi."

Mzee Karisa alisikia. Akasogea dirishani, kofia mkononi, akasema akichanganya na Kigiriama chake. "Mama, mino sinywi. Mnazi wanidhuru tumbo tangu ujana. Ni usingizi tu umenikataa."

Nilikuwa nimekwisha kuandika. Wino wa bluu ulikuwa umekauka. Nikamwambia, "Nenda ukapate dawa, baba," naye akaenda na ulevi wake asiounywa. Mzee Karisa sikumwona tena. Nimezika mume na wazazi wote wawili, na bado ni yeye anijiaye nikiswali.

Sasa jumlisheni wenyewe. Kijana wa mji mwenye unga ni malaria. Mama wa mji ni presha. Mzee wa bara mwenye huzuni ni mnazi. Mwisho wa mwezi nachora vijiti vyangu: katika sehemu ya ulevi na maradhi ya akili, mstari wa wazee una vijiti, mstari wa vijana una sifuri. Mwezi huu sifuri, mwezi ujao sifuri. Sifuri zangu zilikuwa za kupendeza, za mviringo kamili. Msimamizi wa hospitali alizisifu mbele ya watu. Zikaenda Mombasa, zikaenda Nairobi, zikachanganywa na za wilaya nyingine, nazo zikawa hali ya nchi.

Nairobi nao wakajibu, kwa kadiri walivyoambiwa. Mwaka 1985 tuliletewa robota zima la picha za ukutani: mzee amelala chini ya mnazi, kibuyu ubavuni, na maneno makubwa ya kuwaonya wazee na pombe. Tulizibandika kila mlango. Zilizobaki zikawekwa stoo, na kutoka stoo zikatembea. Wakati huo Muyeye na Watamu unga ulikuwa ukiuzwa mchana kweupe, katika vijikaratasi vilivyokunjwa wanavyoviita kete.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, akaja Sista Kadzo. Mzee Abeid alikuwa amestaafu tarehe 31 Desemba iliyotangulia, nami nimekuwa karani mkuu. Sista Kadzo alikuwa muuguzi aliyesomea maradhi ya akili, mzaliwa wa Marafa, umri wake miaka ishirini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya tatu alikuja dirishani kwangu na kunyoosha kiganja. Katikati ya kiganja palikuwa na kete tupu, aliyoichukua kwa mgonjwa. Karatasi yake ilikuwa na rangi ya kijani. Akaikunjua. Kilikuwa kipande cha picha yetu, jani la mnazi na ncha ya kibuyu.

"Bi Zuhura," akasema, "Serikali yatuletea karatasi ya kufungia."

Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na mbona vijana wote wa mji huu wana malaria isiyo na mdudu?"

Nyuma ya kila kadi tulibana kijikaratasi cha maabara. Daktari akishuku homa hupeleka damu, na maabara hujibu kama mdudu yupo au hayupo. Sista alikuwa amekaa na kadi zangu tangu asubuhi. Mbele, kwa mwandiko wangu mzuri, malaria. Nyuma, kwa mwandiko mbaya wa mtu wa maabara, hakuna mdudu. Kadi baada ya kadi.

"Ni sitara, Sista. Wewe si mtu wa mji, hutaelewa."

"Naelewa sana. Mjomba wangu yumo humu daftarini. Yeye hakupata sitara."

Sikumwuliza mjomba wake ni nani. Niliogopa atataja jina la Karisa. Mpaka leo sijui.

Kisha akaniambia neno ambalo nilipaswa kuliona mwenyewe miaka mitatu nyuma. "Bi Zuhura, Nairobi hawataki jina la mtu. Wanataka umri na ugonjwa. Jina labaki hapa. Wewe ungeligeuza tu hili daftari likutazame wewe, na jioni ukalifungia kabatini, watu wangesitirika na ugonjwa ungeonekana. Mmeuficha ugonjwa, na majina mmeyaacha wazi mezani."

Niligeuza daftari siku hiyo hiyo. Kufuli nililitia wiki iliyofuata. Lakini kuandika kweli sikuandika, na sababu yake ina jina.

Nassir alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, mtoto wa mwisho wa mavyaa wangu Bi Khadija. Ndugu yake alipokufa alikuwa na miaka kumi na mmoja; nilimlea kwa mshahara wa ufagio. Alikua mrefu, mcheshi, mwenye kuwatembeza wageni Watamu. Alijua Kiitaliano kabla hajakijua Kiingereza, na akirudi nyumbani alituigiza Waitaliano wakigombana juu ya chumvi hadi mavyaa wangu akalia kwa kicheko. Kisha akaacha kuigiza. Tarehe 11 Novemba 1985 aliletwa hospitali mara ya kwanza. Nilimwandika malaria. Tarehe 3 Machi 1986, mara ya pili, malaria. Daktari wa zamu alisoma nilivyoandika, akampa klorokwini.

"Shemeji," aliniambia akijikuna shingo, "hizi dawa zenu zaniwasha kuliko kilichonileta."

Sista Kadzo alikuwa ameomba chumba. Akapewa stoo ya zamani ya plasta, vitanda vinne, kwa majaribio ya mwaka mmoja, kuanzia Jumatano, tarehe 1 Oktoba 1986. Hapakuwa na dawa za ajabu mle. Palikuwa na maji, uji, watu wa kushikana mkono siku mbaya, na yule Sista na sauti yake. Lakini mgonjwa aliingia kwa kuandikwa. Aliyeandikwa malaria alipelekwa wodi ya kawaida, akalazwa siku mbili, akarudishwa alikotoka.

Tarehe 20 Aprili 1987 Nassir alikuja kwa miguu yake. Nyuma yake alisimama mama yake, buibui limemfunika hadi pua. Nassir akainama dirishani, akasema polepole, "Shemeji, niandike kweli mara hii moja. Nipate kitanda kwa Sista."

Nikamtazama mavyaa wangu. Alinitazama tu, kama nilivyotazamwa na kila mama wa mji huu.

Nikaandika malaria.

Sista alimchukua tarehe 8 Juni bila karatasi yangu. Alikuwa akiwachukua wengi hivyo, kwa mlango wa nyuma, kama wageni wake mwenyewe. Nassir alikaa. Wiki tatu za kwanza sitazieleza. Wiki ya nne alidai samaki. Wiki ya saba nilimsikia kupitia dirisha akiwaigizia wenzake Mwitaliano na chumvi, nikasimama ukutani na trei yangu ya kadi, sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Mwishoni mwa Julai ikaja barua. Mwaka wa majaribio unakaribia kwisha. Ofisi ya mkoa yataka kujua chumba kimewatibu watu wa umri gani, na kwa ugonjwa gani, ili kamati ya hospitali iamue tarehe 30 Septemba kama kitabaki. Msimamizi alifungua nakala za fomu zangu. Mstari wa vijana: sifuri. Kwa karatasi, vitanda vinne vya Sista Kadzo vilikuwa havijalaza kijana hata mmoja.

Ndipo nilipoufungua wino mwekundu. Mzee Abeid, pamoja na makosa yake, alinifundisha kurekebisha: usikwangue kwa wembe, usifute kwa mate, piga mstari mmoja mwembamba ili cha kale kisomeke, andika kipya juu yake, tia sahihi na tarehe. Agosti nzima, baada ya chakula cha mchana, Sista alinisomea karatasi za maabara na maelezo ya madaktari, nami nikapiga mistari. Malaria, mstari, unga. Presha, mstari, vidonge vya usingizi. Mnazi, mstari, huzuni. Nilipofika tarehe 17 Agosti 1983, kwa Mzee Karisa, niliomba nipumzike.

Nassir tulimrekebisha mara tatu. Habari hizi hazikai chumbani. Jioni moja nilimkuta mavyaa wangu amekaa ukumbini bila kunipokea.

"Kwa hiyo ndiyo kazi," akasema. "Ulikwenda ngumbaru ukubwani upate kutuandika."

"Shikamoo, mama. Nimemwandika ili kitanda kibaki."

"Kitanda! Mwanangu ana kitanda hapa alichozaliwa. Omar angekuwa hai ungethubutu?"

"Omar alikufa sijui kuandika. Nisingeweza hata nikitaka."

"Ungebaki hivyo ingekuwa heri kwetu," akasema, akageukia ukutani.

Niliishi nyumba moja naye miaka kumi na tisa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mwanawe aoe.

Basi, Jumatano, tarehe 30 Septemba 1987, saa tatu asubuhi, kamati ilikutana. Nilivaa leso mpya. Niliingia na daftari mikononi kama mtu aliyebeba mtoto, nikaliweka mbele ya Mwenyekiti, mzee wa mji, mtu wa dini, mwenye sauti ya upole. Sista Kadzo aliketi mwisho wa meza. Nilieleza nilichofanya kwa miaka mitano, na nilichofanya Agosti. Sikuomba radhi nusu, niliomba nzima.

Mwenyekiti alivaa miwani, akafunua. Kidole chake kilishuka ukurasani, kikageuza, kikashuka tena. Kisha kikasimama. Nilijua ni ukurasa gani. Yule kijana wa nyumba kubwa, ambaye dada yake aliposwa baada ya Ramadhani, alikuwa mtoto wa ndugu yake Mwenyekiti. Alikitazama kile kistari chekundu kwa muda mrefu, nami niliona uso wake, na kwa dakika moja nilidhani tumeshinda. Mtu hawezi kuwa na uso ule asiseme kweli.

Akalifunga daftari taratibu kwa mikono miwili.

"Fomu zilizokwisha kutiwa muhuri na kupelekwa," akasema, "hazirudi nyuma. Tukisema hizi ni za uongo, tumesema hospitali nzima ni ya uongo. Mistari hii isihesabiwe."

"Mzee," Sista Kadzo akasema, "watu wako nje ya mlango huu. Nendeni mkawahesabu kwa vidole."

"Mwanangu, tumekusikia. Tatizo lililoonyeshwa kwa idadi ni la mnazi, na liko kwenu huko juu. Huko ndiko utakakofaa zaidi." Kisha akanigeukia kwa upole ule ule. "Bi Zuhura ni karani mzuri. Mwandiko wake twaujua. Amechoka. Apewe likizo ya wiki mbili."

Yakaandikwa hivyo katika kumbukumbu za mkutano. Chumba kirudi kuwa stoo leo hii. Sista ahamishiwe Marafa kuwahubiria wazee waache pombe. Waliolazwa waruhusiwe kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyepinga. Waliokuwa mezani walitazama mikono yao, na wengine nilijua kurasa zao pia.

Kwa hiyo jambo lilikwisha, kwa sahihi na kwa muhuri, saa nne na robo. Nilirudi dirishani kwangu. Watatu wa chumbani walikuwa wamechukuliwa na mama zao kwa lango la jikoni, bila kupita kwangu. Nikamwona Nassir akija peke yake kwenye korido niliyoifagia, mkeka kwapani, redio mkononi, amenenepa mashavu. Miezi kumi na sita baadaye, Februari 1989, nilimkosha mama yake uso kwa maji ya baridi huku wanaume wakilitoa jeneza la Nassir nyumbani. Lakini asubuhi ile alikuwa mzima, ametimiza siku mia moja na kumi na nne, na alisimama mbele yangu akitabasamu upande mmoja.

"Haya, shemeji," akasema. "Malaria tena?"

Ilikuwa tarehe ya mwisho ya mwezi. Fomu ya Septemba ilikuwa mezani bado haijajazwa, na kamati ilikuwa imekataza mistari ya nyuma tu. Nikachovya kalamu katika wino wa bluu. Jina, la baba, la babu. Umri, miaka ishirini na miwili. Ugonjwa. Nikaandika, herufi moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa ngumbaru. Nassir alinyoosha shingo akasoma kichwa chini, kwa kuwa daftari lilikuwa limenielekea mimi.

"Ndiyo kwanza niandikwe," akasema. Akashika mkeka wake vizuri, akatoka kwenye jua.

Nikaivuta fomu. Ulevi na maradhi ya akili. Kumi na mitano hadi ishirini na minne. Nikachora kijiti kimoja, nikagonga muhuri.